Matone ya Saa Nane

Tarehe 9 Februari

Kaka yangu,

Natumaini barua hii inakukuta umeshika sindano yako ya kazi, si umeshika tama. Sisi huku wazima. Mume wangu anahangaika na mabomba ya watu huku bomba la jikoni kwetu linavuja, na mwanangu wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele, akicheka utadhani marehemu babu amerudi. Mpe wifi salamu zangu nyingi, mwambie kitambaa chake cha meza nimekitandika na sitaki mtu akiguse.

Sasa tuje kwenye ile picha ya harusi ya binti wa jirani yenu. Wifi kasimama kapendeza. Wewe pembeni yake, kidevu juu, macho kama mtu aliyelala wima. Mume wangu akauliza, "Shemeji alikuwa amekunywa nini?" Nikamwambia kaka yangu hanywi. Kisha nikaingia chumbani nikalia, nisikufiche. Kope zimekuanguka kiasi hicho na hukuniambia? Miaka mingapi sasa?

Mimi si daktari, lakini miaka kumi na moja kwenye mapokezi ya kliniki ya macho si mchezo. Nimemuuliza daktari wetu. Anasema kwanza upimwe, kwa sababu kuna ugonjwa wa misuli kuchoka unaoangusha kope, asubuhi nafuu, jioni balaa, na huo dawa yake ni vidonge. Kama si huo, njia ziko kadhaa. Kuna miwani yenye kijiti cha waya kwa ndani kinachoshikilia kope. Kuna plasta za kubandika, ila zinachubua ngozi. Kuna matone, tone moja kila jicho mara moja kwa siku, kope zinapanda kwa saa sita, saba hivi, kisha zinashuka tena. Hayo si tiba, ni nafuu tu. Na kuna upasuaji, ambao unakaza msuli uliolegea na kazi imekwisha, lakini macho yanavimba, unakaa wiki mbili hujijui hujitambui.

Nenda kapimwe. Simu hupokei, basi niandikie. Na usinijibu kwa mizaha.

Mdogo wako

*

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu mwenye kliniki,

Pole kwa bomba, hongera kwa meno. Sisi tupo. Wifi yako hajambo, tumbo tu linamsumbua kidogo, anakusalimu.

Nimekwenda, umefurahi? Nimepimwa na daktari kijana mwenye mikono baridi, akaniwekea barafu machoni, akaniambia nitazame juu mpaka nikahisi nahesabu vigae vya dari. Si ule ugonjwa wa vidonge. Ni msuli umelegea, basi. Anasema ni umri, na pengine miaka thelathini ya kuinamia na kushona vitabu vya watu imechangia. Ameniandikia yale matone, na upasuaji kasema nitakapokuwa tayari.

Kwa kuwa umeuliza miaka: minane. Ilianza kidogo kidogo, mtu hujui. Karakana wananiita Kidevu. Mteja mmoja mgeni alimlalamikia bosi kwamba yule mjalidi wenu ana maringo, anamtazama mtu kwa tundu za pua. Nikamwambia ndugu, bila kuinua kidevu sikuoni kabisa, nitakuwa naongea na mkanda wako wa suruali. Mwezi uliopita nilikata ukingo wa kitabu cha mahakama ukaenda upogo. Miaka thelathini na moja ya kazi na sijawahi. Nilikaa nacho mapajani kama nimeua mtu.

Matone nimeyajaribu. Dakika ishirini, na kope zikapanda zenyewe, kama mtu anakunja pazia. Nilikuwa mezani kwangu kazini. Niliona uzi. Niliona vumbi la gundi kavu kwenye kucha zangu, na kwamba ukuta wa mbele tuliambiwa ni mweupe kumbe ni wa kijani. Nilicheka peke yangu mpaka fundi mwenzangu wa mashine ya kukatia akauliza kama niko salama.

Upasuaji nitaufikiria. Usinisukume.

Kidevu

*

Tarehe 20 Machi

Kaka,

Huku wote tupo, mvua imetunyeshea wiki nzima na nguo hazikauki.

Nimefurahi mpaka nimeisoma barua yako kwa sauti pale mapokezi. Lakini "nitafikiria" hiyo naijua tangu utotoni, ndiyo uliyomwambia mama kuhusu kurudi shule. Kuna daktari mpasuaji anayekuja hospitali ya mjini kwenu mara mbili kwa mwaka. Mikono yake naijua, wagonjwa wake wanatoka kwetu wanacheka. Nimempigia karani wao, mwenzangu wa siku nyingi, nikaandikisha jina lako. Ni tarehe sita Juni. Unapasuliwa asubuhi, mchana unarudi nyumbani. Sasa nung'unika unavyotaka.

Na wifi tumbo linamsumbua kidogo tangu lini? Umeandika mstari mmoja ukakimbilia barafu.

Mdogo wako

*

Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu,

Kwanza samahani kwa kuchelewa. Natumaini nguo zimekauka. Barua zako uniandikie kwa anwani ya karakana kuanzia sasa, si nyumbani. Na simu usipige kwa haya nitakayokuambia. Simu yetu inakaa kwenye kiti kando ya kitanda, na neno lolote analisikia.

Si tumbo. Ni ini, na ni uvimbe mbaya. Walimfungua Januari wakamfunga, wakaturudisha nyumbani na chupa za dawa ya maumivu. Kakataza mtu yeyote asiambiwe, hasa wewe, anasema utakuja na masufuria na kilio. Basi nimekuambia, na wewe hukuambiwa.

Sasa sikiliza habari ya matone, maana nawe ndiye mwenye kliniki. Ni saa sita au saba kwa siku, huwezi kuongeza. Wifi yako anaamini nayaweka asubuhi kwa ajili ya kazi. Ukweli ni kwamba kazini nashona kwa vidole. Mikono inajua, kurasa zilizokunjwa nazihesabu kwa kidole gumba, na kukata nimemwachia mwenzangu. Matone nayaweka saa nane mchana, msalani pale karakana. Saa tisa nikifika nyumbani macho yamefunguka.

Lakini hajui. Nikiingia nalegeza kope kwa makusudi, nainua kidevu, napapasa kiti kama kawaida. Kioo amekitoa ukutani. Kitanda amenifanya nikigeuze ili dirisha liwe nyuma yake. Siku moja aliniambia, "Bora macho yako yalivyo, mume wangu. Mimi sasa hivi si wa kutazamwa." Nikamwambia, "Naona kivuli tu, mama." Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ningemwambia nini tena baada ya hapo?

Basi akisinzia nafungua, akiamka nashusha. Anasinzia sana siku hizi. Nakaa pale na bakuli la uji mkononi namtazama mpaka uji unapoa. Shavu limeingia ndani, ngozi imekuwa ya manjano, na kwenye shingo kuna mshipa unaopiga ambao miaka ishirini na sita ya ndoa sikuwahi kuuona. Nautazama huo mshipa.

Kwa hiyo tarehe sita Juni uifute. Daktari amesema wiki mbili za uvimbe na dawa ya mafuta machoni, ukungu mtupu. Mimi sina wiki mbili za kutoa. Baadaye wanipasue hata kichwa kizima, sitajali. Ila sasa hapana.

Kaka yako

*

Tarehe 2 Mei

Kaka yangu mpenzi,

Nimekaa na barua yako siku kumi na sikujua nianzie wapi. Watoto wazima. Mume wangu anakusalimu, hajui lolote, nimemwambia una mafua.

Pole, kaka. Pole sana. Wifi ndiye aliyenifundisha kushona zipu, ndiye aliyenipokea nilipofukuzwa ile nyumba ya kwanza. Siandiki zaidi kwa sababu karatasi itachafuka.

Jina sijalifuta. Subiri, usichane barua. Yule daktari hatarudi mpaka Desemba, na hata Desemba hana uhakika. Matone kwa wengine yanapungua nguvu. Na fikiria nani atakukanda macho kwa kitambaa baridi, nani atakuwekea dawa, kama si yeye? Kuna siku utabaki na jiko la moto na ngazi na barabara ya kuvuka. Nenda, kaka. Kama si kwa ajili yako, kwa ajili yake. Nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu.

Mdogo wako

*

Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu,

Tupo. Kazini tumepokea madaftari ya hospitali, makubwa kama mlango, nayashona kwa kupapasa na wenzangu wananitania kwamba ninapiga kinanda.

Barua yako ilinikasirisha, nikaificha chini ya sufuria ya gundi. Kisha wifi yako naye akaanza. Eti kasikia kwa muuguzi anayekuja kumtazama kwamba daktari wa macho anakuja mwezi ujao. Eti anataka anione walau mara moja na macho yangu ya ujanani kabla hajaondoka. Anataka anikande macho mwenyewe. Ananishika mkono, hana nguvu hata ya kufunga kizibo cha chupa, lakini mkono ule aliubana. Nimemwambia tutaona. Akasema, "Niapie." Nikaapa, ningefanyaje?

Anasema muuguzi amempa miezi. Minne, pengine mitano. Kama ni hivyo, wiki mbili nitazitoa na bado nitabaki na kitu cha kutazama, na safari hii bila kuibia. Nimeshapanga. Nikipona namwambia kila kitu, kwamba nilikuwa namwona siku zote.

Lakini moyo haujatulia. Wewe unaongea na wauguzi na madaktari kila siku, na umenisukuma kuliko kawaida yako. Nijibu kabla ya tarehe sita, na unijibu kama tulivyokuwa tukijibizana utotoni, bila chumvi. Nikienda, nitakosa kitu?

Kaka yako

*

Tarehe 28 Mei

Kaka,

Nenda. Hutakosa kitu.

Mdogo wako

*

Tarehe 11 Julai

Kwako dada,

Sina salamu. Wewe mwenyewe unajua hali ya nyumba hii.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa kwa sababu hukuwepo. Ulituma rambirambi ndefu, ulimtuma mumeo, wewe mwenyewe hukuja. Watu waliniuliza dada yako yuko wapi, nikasema anaumwa.

Walinipasua nikiwa macho. Sindano ya ganzi ndiyo inayouma, mengine ni kuvutwavutwa tu. Daktari alinikalisha akasema fungua, funga, tazama mbele, akakaza uzi, akasema fungua tena. Mimi mtu wa uzi nikawa natamani kumwambia hapo umevuta sana. Nikarudi nyumbani nimeshikwa mkono. Asubuhi ya pili macho yalikuwa yamevimba kama maandazi, na yale mafuta yamejaa ndani.

Siku tatu alinikanda macho mwenyewe. Alikuwa analala pembeni yangu, anachovya kitambaa kwenye bakuli, ananiwekea, na kila mara anauliza, "Unaona?" Nasema sioni. Anasema, "Usijali, itakuja." Sauti yake ilikuwa na furaha, dada. Siku ya nne kitambaa kiliwekwa na mkono mwingine, wa jirani. Siku ya sita alikuwa haongei. Nililala nimemshika, na mikono yangu ikawa inahesabu mbavu kama kurasa. Asubuhi ya saba nikapapasa shingo yake kwa kidole, pale kwenye ule mshipa. Sikuukuta.

Nilijifungua macho kwa vidole. Jirani alinishika mikono akipiga kelele kwamba nitakata nyuzi. Niliona mafuta, na nyuma ya mafuta weupe wa shuka, na kwenye shuka kitu. Hicho ndicho nilichokiona. Niliwaomba wasubiri siku tatu, nne kabla ya kuzika, uvimbe ushuke. Waliniambia kwa upole kwamba haiwezekani. Wana haki yao.

Sasa naona. Upasuaji umefanikiwa sana, mshukuru daktari wako. Juzi nilikuwa napanga nguo zake, nikakuta barua kwenye mfuko wa koti. Ndiyo maandishi ya kwanza niliyosoma vizuri, bila kuinua kidevu. Mwandiko wako, tarehe ishirini na nane Mei. Siku ile ile uliyoniandikia mimi mistari miwili. Umeandika hivi: "Wifi, nimemjibu aende. Siku zile hatakuona. Mungu anisamehe."

Nieleze.

*

Tarehe 25 Julai

Kaka,

Nitaeleza, na ukimaliza kusoma ufanye utakalo.

Wifi aliniandikia mwishoni mwa Machi, kabla yako. Aliniapisha nisikuambie. Alisema anajua safari yake, na alichokuwa akiogopa si kufa, ni wewe kumwona anavyokwisha. Alisema, "Nashukuru kope zake. Haoni nilivyogeuka. Lakini muuguzi anasema mwisho utakuwa mbaya zaidi, naye mume wangu ananitazama kwa kidevu kile, siku moja ataona." Nilikuwa nimeshakuandikisha tarehe sita Juni. Alipoisikia akasema hiyo tarehe Mungu ameileta. Muuguzi alimwambia wiki, si miezi. Ile miezi aliitunga mwenyewe akuambie wewe. Alitaka awe amekwenda ukiwa umefunga macho, ukifungua umkumbuke wa kwenye picha ya harusi. Na alisema akishaondoka yeye, wewe lazima ubaki unaona, kwa sababu hakuna wa kukuvusha barabara.

Kisha ikaja barua yako ya matone ya saa nane. Siku kumi, kaka, nilikuwa na barua mbili kwenye droo moja pale mapokezi. Huyu anasema usimwambie kwamba namwona. Yule anasema usiache anione. Ningemwambia wifi, angekufa kwa aibu kabla ya siku zake. Ningekuambia wewe, ningemvunjia kiapo mtu asiye na kitu kingine. Nilichagua anayekufa. Wewe nilijisemea utabaki, utapona. Ulipouliza nitakosa kitu, niliandika na kuchana karatasi tano. Ile ya sita ndiyo niliyotuma.

Sikuja kwa sababu macho yako yalikuwa yamefumba, na mimi ndiye niliyeyafumba. Ningeweza kukaa chumba kimoja nawe ukinishika mkono, ukinishukuru? Nilikaa jikoni siku tatu. Sikuweza.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, nitukane, lakini niandikie.

Mdogo wako

*

Tarehe 30 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeandika barua nne za matusi, zote zimo kwenye pipa la vipande vya karatasi karakana. Hii ndiyo ya tano. Natumaini watoto wako wazima, na yule wa meno yameota.

Nilikukasirikia Julai yote na Agosti yote. Nilikuwa nasema kwa sauti, mle ndani peke yangu, umeniibia siku saba. Bado nasema. Hukuwa na haki, dada. Nilikuuliza bila chumvi ukanidanganya, na hilo halijaniisha na sijui kama litaisha.

Ila kuna jambo moja wewe na wifi yako mlikosea wote wawili, nami nataka ulijue. Mnasema nimkumbuke wa kwenye picha. Wa kwenye picha simjui! Kope zilinianguka miaka minane. Miaka minane nilikuwa naishi na sauti na harufu ya sabuni na kivuli kinachopita mlangoni. Siku ya harusi ile sikumwona, niliambiwa amependeza. Niliyemwona ni huyu wa kuanzia Machi hadi Juni, wa manjano, wa mifupa, aliyelala mdomo wazi. Nilimtazama kila siku ya Mungu kama kijana anayechumbia. Huyo ndiye mke wangu, wa ujana wetu ameshanififia, sina mwingine wa kumkumbuka. Na alikuwa mzuri, dada. Wallahi alikuwa mzuri.

Hapo ndipo hasira juu yako inapokwisha na hasira juu yangu mwenyewe inapoanza. Wewe ulinidanganya mara moja. Mimi nilimdanganya kila alasiri. Aliniuliza kwa namna mia, "Unaniona?" na kila mara nikajibu naona kivuli tu, nikidhani namtua mzigo. Nilikuwa nimepanga kumwambia nikipona. Kumbe nilitakiwa kufungua macho siku ya kwanza, nikamtazama naye akaniona namtazama, alie, anitukane, ajifunike shuka, kisha tuzoee. Tungezoea. Watu huzoea.

Njoo. Sijakusamehe, lakini njoo, ulete na masufuria na kilio, vyote alivyovikataa. Nahitaji mtu aliyempenda, nimwambie alivyokuwa, kwa sababu yeye sikumwambia. Alikaa pale miezi mitatu akitazamwa na mume wake, akafa akiamini hakuna aliyemtazama.

Kaka yako